Ufito wa Shaba Mlangoni kwa Asta Maya

Katika Thimi nzima, mji wetu wa wafinyanzi huku Nepali, hakuna anayejua kusimulia habari za nyumba za watu kunishinda mimi, na hilo hata maadui zangu wanalikubali. Ni kweli kwamba mpaka mwaka juzi nilikuwa wa tatu. Lakini wa kwanza akafa, na wa pili akahamia Australia kwa mwanawe, basi cheo kikaniangukia. Tuendelee hivyo hivyo.

Mambo ya nyumba ya Asta Maya Prajapati yalianza kwa wali mbichi. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Mangsir, baridi inapoanza, ukungu umeukalia ua kama kuku aliyeatamia, na sufuria ya umeme ilikuwa imezima maji yakiwa bado hayajachemka. Sababu ilikuwa waya. Waya huo ulitoka kwenye tundu la umeme la jikoni, na jikoni, kama ilivyo katika nyumba zetu zote, iko ghorofa ya juu kabisa. Ukapita dirishani, ukateremka ghorofa tatu kama kamba ya ndoo, ukaishia kwenye tako la gari dogo jeupe la mwanawe.

"Mama, umewasha sufuria?" mkwe wake Sajani aliuliza kutoka ngazini, sare yake ya uuguzi mkononi.

"Nimewasha. Au leo tunakula betri?"

"Nilikuomba usubiri mpaka saa kumi na mbili na nusu. Gari likiwa linachaji, ukiwasha kitu kingine mita inakata."

"Mimi nimepika wali saa kumi na mbili katika nyumba hii miaka arobaini na nane, binti. Gari lina miezi minne."

Sajani alishuka, akatazama kioo cha gari, akarudi juu na uso wa mtu aliyesoma barua mbaya. Chaji ilikuwa asilimia ishirini na mbili. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa upande wa pili wa jiji. Maana yake ni kwenda kituo cha kuchajia barabarani, kupanga foleni nyuma ya teksi tano, kufika kazini amechelewa kwa mara ya nne mwezi huo. Na muuguzi mkuu wake alikuwa na desturi moja: aliyechelewa alisimama mlangoni mwa wodi, akaeleza sababu kwa sauti, wafagiaji na wagonjwa wakisikiliza.

"Juzi mgonjwa mmoja aliniuliza kama gari langu limepona," Sajani akasema.

Asta Maya alitaka kucheka, akaona macho ya binti yamejaa maji, akajifanya anakohoa.

Ndipo Suban, mwanawe, alipolisema lile jambo. Alilisema akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, kwa sababu tangu utoto hakuweza kumwambia mama yake neno zito huku akimtazama.

"Mama, kuna nyumba ya kupanga kule Balkot. Vyumba vitatu, gari linalala chini, chaja iko ukutani tayari. Mwenye nyumba ametupa mpaka Jumamosi ya pili. Si kuhama huko. Ni karibu sana. Tutakuja kila Jumamosi na Yuni."

Kila Jumamosi! Asta Maya aliyajua maneno hayo. Wana wa Keshari, jirani yake, waliyasema vilevile, na sasa Keshari aliwaona kwenye simu, nao wakamwona paji la uso tu kwa sababu hakujua kuishika. Ua ule ulikuwa na nyumba saba. Wakati Asta Maya anaolewa watu arobaini na watatu walikula humo, na mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza aliombewa heri nyumba ya saba. Sasa moshi ulitoka kwenye nyumba mbili. Na Yuni, mjukuu wa miaka minne, alilala na bibi yake kila usiku, miguu yake ya baridi imeegeshwa tumboni mwa bibi kama vyungu viwili vidogo.

"Hicho kitu cha ukutani," Asta Maya akasema polepole, "hapa kwetu hakifungiki?"

Suban aliinua kichwa, kiatu kimoja hakijafungwa. "Kinafungika. Lakini mita yetu ni ya ampea tano, Mama. Ya zamani. Lazima iongezwe."

"Basi iongezwe. Nani amekataa?"

*

Ofisi ya umeme ilikuwa na dirisha dogo, na nyuma ya dirisha karani mwenye kitambaa shingoni.

"Mita ni ya Harka Lal Prajapati," akasema. "Mwenye mita aje mwenyewe."

"Huyo ni baba mkwe wangu."

"Basi aje atie sahihi."

"Itabidi umtume mtu akamlete. Tulimchoma kando ya mto miaka thelathini na moja iliyopita."

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na bili nani analipa?"

"Yeye." Asta Maya akafungua mfuko wa nailoni, akatoa risiti zilizofungwa kwa uzi. "Soma jina. Kila mwezi, hakuchelewa hata mmoja. Walio hai mtaani kwetu hawamfikii."

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. Aliorodhesha: cheti cha kifo cha baba mkwe, cheti cha kifo cha mume, barua ya ukoo kutoka ofisi ya kata, jirani wa kushuhudia. Siku ya tatu, Asta Maya aliporudi na makaratasi yote, karani alimsogezea kisahani cha wino kabla hata ya kumwuliza.

"Weka kidole."

"Ninajua kuandika."

"Mama, watu wanasubiri. Weka kidole."

"Nilisoma mpaka darasa la tano," Asta Maya akasema. "Nipe kalamu."

Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, mstari wa juu, ule unaoziunganisha herufi zetu, ukiwa umenyooka kama kamba ya kuanikia, na nyuma yake foleni nzima ilivuta pumzi na kuitoa, kuivuta na kuitoa. Masikio yake yaliwaka moto. Alipomaliza, karani aliichukua karatasi bila kuitazama, akaigonga muhuri juu ya jina lenyewe.

Jirani wa kushuhudia alikuwa Keshari, mjane kama yeye, aliyeolewa uani mwaka mmoja baada yake na ambaye hakuusamehe mwaka huo kamwe.

"Nikitia sahihi napata nini, dada?"

"Utapata kuona gari la umeme likinywa umeme, bure, kutoka dirishani kwako."

"Wangu nao walisema kila Jumamosi," Keshari akasema, akatia sahihi.

*

Mita kubwa ilifungwa Jumapili. Jumatatu akaja fundi, jina lake Ramashish Mandal, mtu mwembamba wa tambarare za kusini, na sanduku la vifaa zito kuliko yeye.

"Wewe ni Mhindi?" Keshari akamwuliza kutoka dirishani, kabla hata hajatua sanduku.

"Hapana, mama. Natoka Janakpur. Nepali hii hii."

"Unaongea kama Mhindi."

"Na wewe unaongea kama mama yangu," fundi akasema, na Keshari akafunga dirisha nusu, ili aendelee kuona bila kuonekana kuwa ameshindwa.

Chaja yenyewe ilikuwa kisanduku cheupe, si kikubwa kuliko sahani ya wali. Mandal aliipachika ukutani kando ya mlango kabla ya saa nne. Kilichobaki, akasema, ni kitu kidogo: kuuzika ufito wa shaba wa urefu wa watu wawili kasoro, na kuufunga waya.

"Wa nini?" Asta Maya akauliza.

"Umeme ukipotea njia, mama, lazima uonyeshwe pa kwenda. Tunaupeleka ardhini. Usipoonyeshwa, unapita kwenye mtu."

"Kama mgeni asiyeonyeshwa choo."

"Hivyo hivyo," fundi akasema, akamtazama kwa heshima mpya.

Akaanza kwenye pembe ya kaskazini. Ufito ulizama shubiri mbili, kisha ukaanza kulia kacha, kacha. Alipouvuta, ncha ilikuwa imepinda. Akachimba kwa mkono akatoa vigae. Vigae vyekundu, vigae vyeusi, masikio ya mitungi, matako ya vikombe vya mtindi, majivu ya tanuri. Ua wote ule umesimama juu ya vyungu vilivyovunjika. Mfinyanzi hatupi kigae mbali, anakikanyagia hapo hapo. Mandal akaweka kipimo chake cha jinsi ardhi inavyouzuia umeme: tisini. Kilichotakiwa ni chini ya tano. Akaenda pembe ya kusini: themanini na nne. Akamwaga maji, akatia chumvi na mkaa, akapiga dua kwa lugha yake. Sitini na moja. Kila alipoiwasha chaja iliwaka taa nyekundu na kunyamaza.

"Mama, hii si ardhi," akasema, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Hili ni kabati la vyombo."

Ilikuwa karibu saa kumi, Suban na Sajani wamesharudi kutoka kazini na wamesimama wakimtazama, alipopita mbele ya mlango akichomeka pini za kipimo hapa na pale bila matumaini. Mara akasimama. Akachomeka tena. "Tatu!" akapiga kelele. "Tatu na nukta mbili! Ardhi ya hapa ni laini kama mtindi! Bwana, kwa nini hamkuniambia?"

"Toa mguu," Asta Maya akasema kwa sauti ya chini.

"Toa mguu wewe!" Keshari akasema dirishani kwa sauti ya juu.

Mandal akatazama chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya ukingo wa jiwe bapa lililopandwa ardhini, jekundu kwa tika, unga wa ibada, punje za mchele na ua moja la manjano juu yake.

"Samahani sana, mama. Ni kaburi?"

"Ni mlinzi," Asta Maya akasema.

Fundi akaruka pembeni, akaligusa jiwe kwa vidole, akavipeleka kwenye paji la uso. Lilikuwa pikhalakhu ya nyumba ile, kiti cha Kumar, mungu kijana anayekaa mlangoni. Kila alfajiri, kwa miaka mia na zaidi, mke wa nyumba alilimwagia jiwe hilo maji kabla ya kinywa chake kuonja chochote. Na kwa miaka hiyo hiyo hakuna aliyethubutu kutupa kigae karibu yake. Ndiyo maana ardhi ya hapo ilikuwa safi na nyevu hata wakati wa kiangazi. Wanawake wote wale walikuwa wakimwandalia fundi Mandal mahali pake, na hawakujua.

"Shubiri moja tu kutoka kwenye jiwe," Suban akasema. "Jiwe lenyewe haliguswi, Mama."

"Na mizizi ya mungu, wewe unajua inaishia wapi?"

"Kule Bode kuna nyumba walipitisha bomba mlangoni hivi hivi," Keshari akaingiza. "Mwaka uleule watoto wote wakaondoka. Wako Amerika."

"Wa kwako waliondoka bila bomba," Asta Maya akasema.

Keshari akalifunga dirisha, safari hii lote. Asta Maya akajutia ulimi wake, lakini ulimi ni kama chungu kilichotoka tanurini: ukikiona kimepinda, kimeshapinda.

Ila neno la Keshari lilikuwa neno la wazee. Ukiligusa jiwe la mlangoni, nyumba hukosa watu. Na ufito usipoingia, Jumamosi nyumba itakosa watu. Asta Maya alizigeuza hizo mbili kichwani, hii na ile, na upande wowote alioshika ulimkata.

Sajani alitazama jiwe, akatazama chaja, akatoa simu mfukoni na kuanza kupanda ngazi, na Asta Maya akajua anampigia nani.

"Ngoja," akamwita. "Mpe huyo wa Balkot siku zake mpaka ziishe. Kesho nitakwenda kwa kuhani, kwa Guruju. Akiruhusu yeye, nani atabisha?"

*

Jumanne alitoka na kikapu: yai la kuchemsha, samaki mkavu wa kukaanga, ndizi nne, mtindi kwenye chungu alichokifinyanga mwenyewe, na kichupa cha aila, pombe yetu kali ya mchele, maana Guruju alikuwa na kifua. Kuhani huyo aliishi Bhaktapur, safari ya dakika ishirini. Asta Maya akateremka mpaka barabara kuu kungoja basi.

Barabara ile sasa ni pana, kiasi kwamba aliye ng'ambo humjui kama ni ndugu yako. Lakini zamani ilikuwa njia nyembamba, mashamba ya ngano huku na huku, na juu yake nyaya mbili. Hapo aliposimama ndipo lilipokuwa likisimama basi la waya. Mumewe, Indra Lal, alikuwa dereva. Lilikuwa basi refu lenye fito mbili kichwani kama panzi, halina moshi, halina kelele. Lilikuja kama mtu anayevuta shuka. Fito zikichomoka kwenye nyaya, Indra Lal alivaa glavu, akashuka, akazivuta kwa kamba na kuzirudisha, na abiria walimenya machungwa wakingoja. Hakuna aliyetukana. Aliyekuwa na haraka alikwishatoka nyumbani jana.

Akipita Thimi jioni, alipiga kengele mara mbili, kumjulisha mkewe aweke wali jikoni. Na mara moja kwa mwezi Asta Maya alipanda na kukaa kiti cha nyuma yake mpaka mwisho wa njia na kurudi. Iliandikwa kwamba ni marufuku kuzungumza na dereva, basi hawakuzungumza. Alitazama shingo yake, naye alimtazama kwenye kioo. Nyumbani, penye mama mkwe na wifi watatu, hawakuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo. Mpaka leo, mtu akimwuliza kuhusu mapenzi, Asta Maya huona shingo iliyonyolewa vizuri na kola ya khaki.

Kisha mabasi yakaharibika moja moja, nyaya zikakatwa, zikauzwa kwa kilo. Indra Lal akarudi na glavu zake, akaketi kwenye gurudumu la ufinyanzi la baba yake, na udongo ukamkataa.

Baada ya hapo ikaja ile miaka ya giza, umeme ukitolewa kwa ratiba kama dawa. Wote walikusanyika chumba kimoja, mshumaa mmoja, wakimenya maharage ya soya, na Indra Lal akasimulia uongo wake. Watu walipendana siku zile, labda kwa sababu hawakuonana vizuri. Umeme ukirudi mtaa mzima ulipiga vigelegele, halafu kila mtu akaenda chumbani kwake.

Basi la Bhaktapur likaja. Kondakta akapiga bati. Asta Maya hakupanda.

Alimjua Guruju. Mwaka ambao nyumba ilitaka kuweka bomba la maji mita mbili kutoka kwenye jiwe, Guruju alikataa, na mpaka leo bomba liko mwisho wa ua. Alikuwa mtu wa kukataa. Siku aliyokubali jambo hakupata usingizi. Angefungua kitabu, angetikisa kichwa, angesema hapana, na hapana yake haina dirisha.

Akaketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Akamkumbuka mama mkwe wake, siku ile ya harusi, amechuchumaa kando ya jiwe akimwosha miguu, kisha akisimama na kumnyoshea ufunguo wa nyumba. Bibi arusi alishika ncha moja, mama mkwe ncha nyingine, na hivyo akavutwa kuvuka kizingiti. Na miaka sita iliyopita Asta Maya alimwosha Sajani miguu pale pale, akamnyoshea ufunguo uleule. Sajani aliubana kwa vidole vyenye rangi ya kucha kama mtu anayeogopa kurudishwa kwao. Ilibidi Asta Maya autikise kidogo ili mkwe auachie.

Basi la pili likapita. Asta Maya akamenya yai, akalila. Lilipokwisha hakukuwa na maana ya kumwacha samaki peke yake. Ndizi mbili alimpa askari wa kike wa barabarani aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, mbili akala. Aila aliiacha mpaka mwisho, na aliinywa kwa sababu ya ukungu tu.

"Amekubali," alisema alipofika nyumbani.

Suban aliruka. "Guruju? Amekubali? Alisemaje?"

"Alifikiri sana. Alifungua kitabu. Akasema chuma ndiyo marufuku, shaba haina neno. Ufito uteremshwe alfajiri, jiwe lipewe yai na mtindi." Akamtazama Mandal, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake akingoja. "Na fundi aoge kwanza, mwili mzima, maji ya bomba."

Hakujua kwa nini aliongeza hilo. Lakini uongo usio na mfupa hausimami.

*

Jumatano, kabla kuku hawajashuka, Asta Maya alitoka peke yake na chombo cha maji. Akamwaga kama kila siku. Kisha akachuchumaa, magoti yakilia.

"Sikumwuliza Guruju," akaliambia jiwe. "Nakuuliza wewe. Wewe ni kijana, hukuoa, hujui kuondokewa na mkwe. Nimekumwagia maji miaka arobaini na nane, baridi na mvua, nikiwa na mimba na nikiwa na homa. Hujaniambia ahsante, nami sijadai. Leo nadai. Shubiri moja. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mimi ni mzee, sina pa kwenda. Wale wana pa kwenda."

Jiwe halikujibu. Asta Maya akalihesabu hilo kuwa kukubali, kwa sababu hata mumewe alikuwa akikubali hivyo hivyo.

Saa kumi na mbili kasoro Mandal alioga kwenye bomba mwisho wa ua, na kilio chake kiliamsha mbwa mpaka Bode. Keshari alikuwa dirishani tangu alfajiri, ameshasamehe kwa sababu hakutaka kukosa kuona. Yai likawekwa, mtindi ukawekwa. Fundi, meno yakigongana, akasimamisha ufito, akaweka kipande cha ubao juu yake ili nyundo isipige shaba tupu.

Pigo la kwanza lilimwingia Asta Maya kifuani. La pili pia. La tatu lilipokuja alihisi mkono baridi umeshika wake. Sajani alikuwa amesimama kando yake, nywele hazijasukwa, viatu vya Suban miguuni. Ufito ulishuka bila kulia, bila kigae hata kimoja, kama kijiko kwenye mtindi, mpaka kikabaki kichwa tu.

"Tatu kasoro," Mandal akasema.

Waya ukafungwa. Chaja ikawaka nyekundu, ikafikiri, ikawaka kijani. Gari likatoa mlio mdogo wa kumeza. Na juu jikoni, ghorofa ya tatu, sufuria ya wali iliendelea kuchemka kana kwamba hakuna aliyezaliwa wala kufa.

Sajani akatoa simu. "Dada wa Balkot? Samahani, nyumba hatuichukui... Hapana, si bei... Hapana, maji ni mazuri." Akamtazama mama mkwe wake aliyejifanya anachambua ukucha. "Ni mambo ya nyumbani," akasema. "Tunabaki."

*

Jumamosi kulikuwa na jua. Mandal alikuwa amerudi kuufunika waya na kupokea kilichosalia cha ujira wake, akapewa chiura, mchele mkavu uliopondwa, na maharage, akawa amekaa na wenye nyumba uani anakula, Yuni akimwonyesha jinsi ya kushika bakuli. Keshari alikuwa ameshuka kabisa, na kiti chake mwenyewe. Asta Maya aliwatazama: watu sita uani kwa mara moja. Hesabu ndogo, lakini ilikuwa hesabu.

"Mama," Suban akasema, uso ukimng'aa, "nimekuwekea jambo la kukushangaza. Nilimpigia Guruju simu aje alibariki gari. Lazima tumshukuru. Anaingia sasa hivi."

Kitunguu saumu alichokuwa akimenya kilimdondoka Asta Maya mkononi.

Guruju alikuwa anakuja kwenye kichochoro, polepole, akipapasa ukuta kwa fimbo, miwani myeusi mikubwa usoni. Asta Maya aliinuka kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo tangu mwaka ule wa tetemeko.

"Guruju! Kwa miguu? Kwa jua hili? Twende juu moja kwa moja, chai iko tayari, hapa uani kuna vumbi..."

"Mwache apumzike, dada," Keshari akasema, akimsogezea kuhani kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. "Guruju, karibu. Umetushangaza wengi. Kumbe siku hizi unaruhusu kupigilia ufito kwenye mguu wa Kumar?"

"Niliruhusu nini?" Guruju akauliza.

"Ufito wa shaba," Suban akasema. "Si ulimwambia Mama? Chuma marufuku, shaba haina neno. Yai na mtindi alfajiri. Na fundi aoge."

"Nilioga," Mandal akasema. "Mwili mzima."

Guruju akageuza miwani yake upande wa sauti moja, kisha nyingine. "Lini?"

"Jumanne," Suban akasema, na sauti yake ilianza kupungua njiani.

"Jumanne nilikuwa hospitali ya macho. Walinipasua mtoto wa jicho. Nilirudi Alhamisi, na mpaka jana nilikuwa na bandeji machoni."

Kijiko cha Mandal kilisimama hewani. Sajani aliziba mdomo kwa ncha ya shali. Keshari alikunja mikono tumboni kama mtu aliyeshiba. Wote, hata Yuni, wakamgeukia Asta Maya.

Asta Maya akaokota kitunguu saumu chake, akakipangusa vumbi.

"Ndiyo maana hukuniona," akasema.